Kengele Yangu na Wateja wa Watu

Kariakoo kengele za mlango zimejaa. Zipo za waya, zipo za betri, zipo zile ambazo kitufe unakibandika getini na sanduku lake unalichomeka sebuleni, ndani mna nyimbo za kuchagua mpaka uchoke. Bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hunikatiza hapo hapo: "Sasa si ungenunua tu?"

Ningenunua. Lakini mtu aliyefaulu fizikia kidato cha nne, na daftari lake la umeme bado analo, limefungwa kwa kava la gazeti, anaanzaje kununua kengele? Kengele ni umeme, swichi na kitu cha kulia. Leo ninunue hiyo, kesho si nitanunua maji ya moto?

Chanzo cha yote ni mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mtu wa Muheza, mstaarabu wa kizamani, na kwake hodi ni tatu. Ndivyo dini ilivyofundisha: umebisha mara tatu hujajibiwa, geuza urudi. Sasa nyumba yetu ya Tabata ina geti, halafu kiwanja, halafu baraza, na sebuleni kuna televisheni ambayo watoto wanaifungulia utadhani wanaitangazia kata nzima. Siku hiyo mama kaondoka Muheza alfajiri, kashuka Mbezi, kachukua bajaji mpaka getini. Akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa ile sauti ya chini ya mtu mwenye heshima zake, akapanda bajaji ile ile akaondoka. Tulikuja kupigiwa simu jioni, akiwa kwa mdogo wake Buguruni.

"Nilikuja," alisema. "Mlikuwa mnatazama mpira."

Nyumbani hapakulalika. Mama watoto hakugomba, na asipogomba ndipo ujue. Alisema neno moja tu wakati anakunja nguo: "Mama akija tena, ama pawe na kengele pale getini, ama ukae wewe."

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mkubwa, sikatai. Nilitaka kengele ipige kipande cha taarabu, noti saba nane hivi, mgeni akibonyeza ajue ameingia nyumba ya watu. Na nilijua cha kutumia: NE555. Hiyo ni IC, yaani saketi nzima iliyopakiwa ndani ya kidude kimoja, ya miguu minane, aliibuni Mswisi mmoja aitwaye Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani, na mpaka leo bado inatengenezwa na kuuzwa. Unaipa rezista mbili, vile vidude vya kubana umeme, na kapasita moja ya kuuhifadhi kwa muda, inalia. Badili rezista, sauti inapanda au inashuka. Kwa hiyo kila noti ni rezista yake, na kila rezista ni hesabu yake.

Nikakaa mezani na daftari. Ile noti ya la, ya mitetemo 440 kwa sekunde, hupatikana kwa kuchukua 1.44 ukagawanya kwa kapasita uliyoizidisha na rezista ya kwanza jumlisha mara mbili ya pili. Kapasita yangu maikrofaradi 0.1, rezista ya kwanza kiloomu 1. Rezista ya pili ikatoka kiloomu 15.86. Nikaichora duara kwa peni nyekundu. Nilijisikia vizuri sana.

Nenda Kariakoo ukaulizie rezista ya kiloomu 15.86 uone utakavyotazamwa.

Duka lilikuwa la kichochoroni, upana wa mtu mmoja na nusu, taa moja ya njano juu, ukutani vidroo vidogo vidogo mpaka darini. Muuzaji ni kijana mmoja mpole aliyekuwa anakula mihogo. Alisikiliza, akameza.

"Kuna kumi na tano, kuna kumi na nane," akasema. "Hiyo yako haijazaliwa."

Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Ya 15 inatoa mitetemo 464, yaani noti imepanda karibu nusu sauti. Ya 18 inatoa 389, imeporomoka sauti nzima na ushee. Kwa mtu asiyejua muziki hizo ni namba tu. Kwa mtu wa taarabu hapo mwimbaji ameshapigwa na chupa. Kijana akanishauri nichukue zile rezista za kuzungusha kwa bisibisi, unazungusha polepole mpaka sikio likubali. Nikakataa. Kuzungusha mpaka sikio likubali ni kazi ya mtu ambaye hakufanya hesabu. Nikachukua za 15, nikasema hiyo nusu sauti nitaihesabia nyumbani.

Sasa rezista, kwa asiyezijua, haina namba mwilini. Thamani yake imeandikwa kwa mistari ya rangi. Kahawia ni moja, kijani ni tano, na mstari wa tatu ndio idadi ya sufuri: chungwa ni sufuri tatu, nyekundu ni sufuri mbili. Kahawia-kijani-chungwa ni 15,000. Kahawia-kijani-nyekundu ni 1,500. Na chini ya taa ya njano, kwenye mstari mwembamba uliochorwa juu ya kitu usichoweza kukishika kwa vidole vinene, chungwa na nyekundu ni mtu na pacha wake. Mimi nilikuwa nje ya kaunta. Aliyeingiza mkono kwenye kidroo ni yeye.

Nyumbani nikalehemu, nikawasha. Badala ya la, ikatoka mitetemo 3,600 kwa sekunde. Kama hujawahi kuisikia, ni ile filimbi ya trafiki akikuona umeingia njia moja, ila trafiki huwa anapumua. Paka alitoka kwa dirisha la jikoni, na dirisha la jikoni lina wavu. Mama watoto akasimama mlangoni, viganja viwili masikioni.

"Hiyo ndiyo taarabu?"

Nikamwambia ni mwanzo tu, vyombo vinajaribiwa.

Mtaani kwetu kuna fundi redio, mzee, ana kibanda chini ya mwembe chenye redio nyingi zilizokufa na chache zinazosubiri. Nikampelekea bodi yangu na daftari. Daftari hakulifungua. Aliigeuza bodi, akainusa (mafundi wa zamani wananusa), akaniuliza, "Unataka kengele, au kuna mtu unashindana naye?"

"Kengele, mzee wangu."

"Basi kachukue UM66. Miguu mitatu. Wimbo umo ndani tayari, wameshaupika."

Na kweli, UM66 ni kitu cha ajabu. Kwa umbo ni transista kabisa, kile kidude cha miguu mitatu cha kukuza umeme, ungeitupa kwenye kopo la transista usiione tena. Ilitolewa na kampuni ya UMC ya Taiwan, ndani yake mna nafasi ya noti 64, na ndiyo iliyokuwa ikiimba ndani ya midoli na zile kadi za salamu ambazo ukizifungua zinalia. Inataka volti 1.5 mpaka 4.5, basi. Fundi akanichania kipande cha boksi akaandika UM66T. Baada ya herufi T, akasema, kuna namba, na namba ndiyo wimbo wenyewe. Na mwishoni kuna herufi. Ikiwa L, inaimba muda wote umeme ukiwepo. Ikimaliza inaanza upya. Ikiwa S, inaimba mara moja inanyamaza.

"Chukua S," akasema, akaipigia mstari mara mbili. "Na kitufe cha kubonyeza na kuachia. Kuna kile kingine ukibonyeza kinabaki humo humo mpaka ukibonyeze tena. Hicho si cha kengele, ni cha taa ya mezani."

Nikarudi Kariakoo na kipande cha boksi. Kijana alikuwa yule yule, safari hii anakula karanga. Sikumtajia habari ya rezista, maana ukianza Kariakoo kwa ugomvi huondoki na punguzo.

"UM66 ipo?"

"Ipo."

"Inaimba nini?"

"Inaimba vizuri."

"Nauliza wimbo gani."

Akachota tatu kutoka kwenye kimfuko cha nailoni, akazilaza kaunta. Nikavuta kamera ya simu mpaka mwisho. Ya kwanza imefutika yote. Ya pili imefutika yote. Ya tatu ilisomeka UM66T vizuri kabisa, halafu hapo penye namba pamekwanguka, halafu kwa mbali mwishoni pana kaherufi.

"Naomba niisikilize kidogo."

"Mzee, IC haijaribiwi," akasema kwa upole. "IC inaaminiwa." Na nyuma yake, ukutani, kwa herufi za kalamu ya wino mzito: MALI IKIUZWA HAIRUDI.

"Haya, hiyo herufi ya mwisho ni S au L?"

Akaishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye taa, akafumba jicho moja, akaigeuza, akafumba jingine.

"Hii ni S," akasema. "Ila imenyooka."

Ningesema nini? Mtu kakaa na hivyo vitu mwaka mzima, mimi nimevijua jana.

Transista ya BC547 ya kusukuma spika ilikuwa imekwisha. Akanipa C945. "Hii ni ndugu yake, usihofu." Dayodi mbili za 1N4007 akanipa bila maneno, hizo hazina utata. Tukabaki na kitufe. Akaweka viwili kaunta, vyeusi vyote, duara vyote, kofia nyekundu vyote.

"Nataka cha kubonyeza," nikasema.

Akakisukuma kimoja kuja kwangu. "Hiki ukikibonyeza, mzee, kimebonyezeka mpaka kesho."

Nikaona hapo nimepata kitu imara.

Kwenye umeme nilifanya kazi safi, na hili naomba litambulike. Sikutaka betri, maana betri nyumbani kwangu huishia kwenye rimoti. Nikachukua chaja ya simu ya zamani, inatoa volti 5. UM66 mwisho wake 4.5. Sasa dayodi ya kawaida umeme ukipita hula kama volti 0.7. Ukiziunganisha mbili mfululizo zinakula 1.4, inabaki 3.6, IC inakula inashiba haivimbiwi. Hakuna aliyenifundisha, imo kwenye daftari.

C945 ndiyo ilikataa. Kimya kabisa. Nikarudi chini ya mwembe.

"Nani kakwambia hii ni BC547?"

"Kasema ni ndugu."

"Ni ndugu, lakini baba mbalimbali," mzee akasema. Kwenye BC547 mguu wa kati ni besi, ndiko ishara inakoingilia. Kwenye hii niliyopewa, katikati amekaa kolekta. Nilikuwa nimempelekea mwenye nyumba barua ya mpangaji. Mzee akaing'oa, akaangalia spika yangu ya redio, ya omu 8, akaguna, akachomoa kutoka kwenye mzoga wa redio kaseti IC nyingine, LM386. "Hii ndiyo ya kukuza sauti. Kama mnataka huyo mama asikie, basi asikie." Yenyewe inataka volti 4 kwenda juu, kwa hiyo tukaipa zile 5 zote za chaja moja kwa moja. Akaiunganisha, akabonyeza, na kengele ikaimba.

Ikaimba, jamani. Kawimbo kazuri ka kinanda, kana kamwendo ka kupanda na kushuka, ka heshima. Nilikaribia kumkumbatia mzee. Yeye alikuwa anatazama kitufe na kugunaguna, lakini mteja mwingine alikuwa kaleta pasi, nikalipa nikaondoka kabla hajapata la kusema.

Nyumbani, kabla ya kufunga, nikalifungua daftari nikakuta jambo ambalo mzee alilisahau. LM386 ikiachwa ilivyo inakuza mara 20. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa kwanza na wa nane, inakuza mara 200. Na kapasita ya maikrofaradi 10 ninayo! Mtu ana mia mbili, anabaki na ishirini kwa sababu gani? Nikaiweka. Spika nikaifunga barazani, uso umetazama geti, ili mgeni naye asikie kwamba amesikika.

Mama watoto aliisikiliza ameinamisha kichwa. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Huu wimbo naujua," akasema. "Nimeusikia wapi?" Mimi pia nilikuwa naujua, na sikukumbuka. Watoto walikuwa kwa shangazi yao Kigamboni. Ukibonyeza mara moja ulikuwa unaimba bila kukoma. Ukibonyeza tena unanyamaza. Nikaona hilo nalo si baya, mgeni anaanza mwenyewe na kumaliza mwenyewe. Kuandika karatasi ya maelezo nilikusudia.

Mama mkwe akapigiwa simu: mama njoo, kengele ipo. Akasema anakuja Jumamosi na machungwa ya wajukuu. Msimu wa machungwa Muheza ukiwa umechanganya, mama haji na mfuko, anakuja na kiroba.

Jumamosi hiyo mama watoto katoka kwenda sokoni, mimi niko bafuni, nimejipaka sabuni kuanzia utosini. Nikasikia kengele. Nikatabasamu ndani ya povu. Nikafungua bomba nijimwagie. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Kengele iliendelea.

Nikajisemea, mama anaufurahia wimbo. Kumbe mama, kwa ustaarabu wake, kabonyeza mara moja, kwa kidole kimoja, karudi nyuma hatua mbili kama inavyotakiwa, kasimama anasubiri kujibiwa. Mhuni angebonyeza mara mbili, ingezima yenyewe. IC ya L peke yake isingetufikisha pale, wala kitufe cha taa ya mezani peke yake, vilikutana.

Kisha nikaanza kusikia miguu. Ile miguu midogo ya ndala, inayokuja mbio. Halafu mingine. Dirisha la bafu langu liko juu, nikapanda kwenye ndoo nikachungulia kwa jicho moja, la pili lina sabuni.

Geti zima watoto. Watoto wa kwa mzee mwenye duka, watoto wa nyumba ya wapangaji, mtoto mmoja kambeba mdogo wake mgongoni, na wengine wanazidi kutoka vichochoroni wanapunga sarafu. Na hapo ndipo wimbo ukanirudia. Kitaalamu ni kipande cha piano cha Beethoven, alikiandika 1810. Huko Taiwan, ilikotoka IC yenyewe, magari ya taka hupita mitaani yanakipiga ili watu watoke na mifuko yao. Tabata kwetu ni aiskrimu. Kila mchana jamaa wa baiskeli ya magurudumu matatu hupita nao, na hakuna mtoto wa mtaa ule asiyeujua tangu tumboni. Mara mia mbili, kupitia spika iliyotazama nje, bila kukoma.

"Hodi!" nikaona mdomo wa mama unasema. Sauti haikufika hata kwa mtoto aliyekuwa mbele yake.

Kutoka siwezi. Mkwe na taulo, mbele ya mama mkwe, na povu kichwani, hata kwetu tusio na miiko mingi hilo halipo. Nikabaki juu ya ndoo.

"Bibi, nipe ya mia mbili!" mtoto mmoja akampigia kelele chini ya kidevu.

"Ya mia mbili ya nini, mjukuu wangu?"

"Yoyote!"

Mama akamtazama mtoto. Akaitazama ile sarafu. Akageuka akakitazama kiroba. Mama mkwe wangu kauza genge Muheza tangu mke wangu hajazaliwa. Sarafu ikinyooshwa mbele yake mkono unafunguka wenyewe. Akakilegeza kiroba mdomo, akatoa chungwa, akalifuta kwa pindo la kanga, akampa. Mtoto akalipokea, akaliangalia kwa mshangao, akaona ni kubwa kuliko aiskrimu, akakaa pembeni akaanza kulimenya kwa meno. Wengine walipoona mmoja kapewa, wakapanga foleni. Watoto wa mtaa wetu! Foleni! Mimi hata kwa pipi sijawahi kuwapangisha.

Nusu ya kiroba ilikuwa imekwenda wakati mwenye wimbo alipotokea kwenye kona na baiskeli yake. Naye wake ulikuwa unalia, ila nyuma kidogo ya wangu, Beethoven mmoja anamfukuza mwingine, na hakuna anayemfikia mwenzake. Jamaa akashuka. Akatazama foleni. Kwa macho ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda chake kina mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, samahani, huu mtaa ni wangu."

"Hongera," mama akasema, huku anarudisha chenji. "Na geti ni la mkwe wangu."

Jamaa akaangaza huku na huku, akakiona kitufe chenye kofia nyekundu. Akakisogelea, akakibonyeza. Kengele ikakatika katikati ya noti. Mtaa ukawa kimya, ukabaki ule wimbo wake mdogo wa baiskeli, unanung'unika peke yake. Watoto wakageuza vichwa kumtazama. Ikawa kama wanafikiria.

Mama naye alikuwa anatazama. Siyo jamaa, kile kitufe. Akasogea taratibu, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza. Beethoven akarudi kwa nguvu zote mia mbili. Watoto wakarudi foleni.

Niliposhuka kwenye ndoo nilijisuuza kwa maji ya kunywa, ya chupa, yale tunayowawekea wageni. Nikavaa, nikatoka mbio, nikakuta mama watoto karudi na tenga lake la sokoni, kasimama mdomo wazi. Kiroba kimelala chini tupu. Mama kakaa kwenye ngazi ya geti, anafunga sarafu kwenye pindo la kanga, na pembeni yake kakaa yule jamaa wa aiskrimu analamba yake mwenyewe, kakata tamaa.

"Shikamoo mama," nikasema, masikio bado yana povu.

"Marahaba, mwanangu. Hii kengele kaitengeneza nani?"

Mama watoto akanitazama. Nikaona hapa ndoa inapimwa. "Fundi alisaidia," nikasema.

"Unitengenezee na mimi."

"Mama, nikubadilishie wimbo kwanza, hii ina kasoro. Ukiibonyeza hainyamazi."

"Kasoro?" Mama aliniangalia kwa huruma, ile anayompa mkwe tangu siku ya posa. "Mwanangu, ikinyamaza nitauza nini?"

Aliondoka nayo Jumatatu, chaja, kopo na spika, imefungwa ndani ya kanga. Jamaa wa aiskrimu alimsaidia kubeba mpaka kwenye bajaji, na sikumwona mtu kusaidia kwa moyo mkunjufu vile. Mama watoto akaenda Kariakoo mwenyewe, akarudi na kengele ya dukani, akaibandika getini kwa dakika zisizozidi tano, hakusema kitu. Wajukuu waliporudi kutoka kwa shangazi yao wakauliza machungwa. Wakapewa mia mbili mia mbili.

Baada ya muda mama akapiga simu. Genge linakwenda vizuri, watoto wa shule wakitoka wote wanapita kwake kwanza. Tatizo ni jirani yake muuza maandazi, naye anataka. Nimtengenezee, ila wimbo uwe mwingine wasije wakagombana, na uwe wa kutonyamaza vile vile.

Nikaenda dukani. Kijana alikuwa anakula embe.

"Nataka UM66," nikasema, "lakini safari hii nataka L."

Akavuta kidroo, akapekua kimfuko, akazielekeza kwenye taa moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"L zimeisha, mzee. Zimebaki S tupu."

"Zilizonyooka?"

"Hapana," akasema kwa masikitiko. "Hizi zimepinda kweli."